Ukuta Nyuma ya Jiko Letu

Mtu aliyeshushwa na lori Kasulu miaka ile, akasimama barabarani mbele ya mtaa wetu, angeweza kudhani hauna watu. Angeona vumbi, duka moja lenye mbao za rangi ya kijani, na milango ya mbele iliyofungwa. Milango hiyo tuliifungua kwa wageni, kwa askari, na kwa kutoa maiti. Sisi wenyewe tuliishi nyuma. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake la udongo uani, na kutoka jiko hadi jiko kulikuwa na njia nyembamba ambayo hakuna aliyeichonga ila miguu. Ilipita kwenye migomba, ikainama chini ya kamba za nguo, ikazunguka mawe ya kusagia, ikatokea kwa mwingine. Ungeweza kutoka kwetu mpaka sokoni bila kukanyaga barabara. Ungechelewa tu, kwa sababu kila jiko lilidai salamu yake, na salamu zetu Waha hazina haraka. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, hata kama huna ng'ombe.

Nilirudi huko kutoka Busunzu, upande wa Kibondo, baada ya kumzika mume wangu. Habari za Busunzu sitazieleza sana. Watu walikuwa wamehamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara, na mume wangu alifia katika nyumba mpya ambayo udongo wa kuta zake ulikuwa haujakauka sawasawa. Majirani walikuja wakanililia. Wengi wao nilikuwa sijawajua vizuri, na nakumbuka niliwaza kwamba hawa wananililia kwa sababu wamepangwa karibu nami. Halikuwa wazo la haki, maana walikuwa watu wema. Lakini tangu hapo nikawa mtu wa kuziangalia nyumba kwa jicho la shaka: imekaa wapi, mlango wake unamtazama nani, dirisha lake linamwogopa nani.

Mama yangu alikuwa peke yake na magoti yake yamevimba. Alitembea kwa fimbo, na safari yake ilikuwa moja tu. Kila alasiri, akishaanua muhogo wake, alishika njia ya nyuma, akapita jiko la kwanza, akapita la pili, akafika kwa rafiki yake. Mwanamke huyo alikuwa amemzidi mama miaka michache, kwa hiyo mimi nilimwita mama mkubwa, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Wao wenyewe waliitana mugenzi, kama tunavyomwita kwa Kiha mwenzako wa safari. Mama mkubwa alikuwa amesilimu kwa ndoa, mama alikuwa Mkatoliki, na sijawahi kusikia wakibishana juu ya hilo. Walibishana juu ya maharage, kama yachemshwe na magadi au bila magadi.

Waliazimana moto. Moto wa mama ukizimika, alikwenda na kigae, akarudi na makaa yaliyofukiwa kwenye majivu. Ukizimika wa mama mkubwa, alikuja yeye. Kibiriti kilikuwepo ndani, juu ya kabati, lakini mama alisema kibiriti ni cha mtu asiye na jirani.

Mwana wa mama mkubwa alikuwa mfanyabiashara. Nilimjua tangu tukiwa wadogo, alikula kwetu zaidi kuliko kwao. Alianza na baiskeli, akipeleka chumvi ya Uvinza na dagaa mpaka Manyovu, mpakani na Burundi. Niliporudi kutoka Kibondo nilimkuta ana lori. Alioa Ujiji, mke mwenye maneno laini ya Kiswahili cha watu wa ziwani, na akasema mama yake hawezi kuendelea kulala katika nyumba ya udongo inayovuja. Hapo hakuna aliyemlaumu.

Tulioanza kujiuliza habari zao ni majirani wawili waliokaa kati yetu na mama mkubwa, wenye yale majiko mawili. Walihama, mmoja baada ya mwingine, wakaenda Heru Juu. Walisema wanafuata mashamba. Mashamba walikuwa nayo huko miaka yote na walikuwa wakienda kwa miguu na kurudi. Hawakuaga vizuri. Yule wa pili nilimkuta anafunga mitungi, nikamuuliza kuna nini. Akanijibu, "Dada, hata kuku huhama." Viwanja vyao vikaunganishwa na kile cha mama mkubwa, na mama mkubwa akapelekwa Manyovu kwa binti yake, akae huko mpaka nyumba iishe.

Kwenye bomba la maji hakukuwa na habari nyingine.

"Vyumba vingapi?"

"Fundi anasema hata yeye hupotea."

"Na watoto anao wangapi?"

"Wawili, na mmoja bado ananyonya."

"Basi vingine ni vya nani?"

"Vya magunia."

"Magunia ya nini?"

"Mimi nimesema magunia. Ya nini, kamuulize mwenye lori."

"Muacheni ajenge," alisema mwanamke mmoja aliyependa utani, akijitwika ndoo yake. "Serikali ikishaipenda itaichukua, nasi tutapata zahanati ya karibu."

Tulicheka, lakini kila mmoja alitazama nyuma kabla ya kucheka. Ilikuwa ni miaka ya namna hiyo. Mtu akiwa na vingi aliitwa kupe, na mtu akisema sana aliulizwa amelipata wapi neno hilo. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuangalia ujenzi, mikono nyuma, akasema mbele yetu, "Saruji haionekani hata ya kujengea shule. Huyu anaiona wapi?" Tukangoja aulize zaidi. Hakuuliza. Baada ya muda jiko la balozi likapata bati jipya. Sikuona likiletwa, kwa hiyo sisemi limetoka wapi. Nasema tu kwamba wote tuliliona, na hakuna aliyempongeza.

Kisha wakachimba msingi wa ukuta. Mama alikuwa bado anapita pale kila alasiri, ingawa rafiki yake hakuwepo. Alisema anainyoosha miguu, lakini nadhani alikuwa anailinda njia. Siku hiyo fundi alimshika mkono akamvusha mtaro.

"Mama, kesho hapa hutapita."

"Nani kasema?"

"Ramani inasema ukuta unapita hapa."

"Huyo ramani ni mtoto wa nani?" mama akamuuliza. "Nikamsalimie kwao."

Fundi alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alikuwa mtu wa Tabora, hakuwa na ubaya. Lakini kesho yake matofali yalipanda, na wiki ile haikuisha kabla njia haijazibwa. Ukuta ulikuja kusimama nyuma ya jiko letu, karibu kiasi kwamba ukimwaga maji kwa nguvu yanakurudia.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Nilishawahi kuona nyumba kubwa za misheni, lakini zile zilikuwa na uwanja wa kuzizunguka, zikakaa mbali na wewe. Hii ilikaa juu yetu. Jua la alasiri likawa linatuacha mapema, na muhogo wa mama ukaanza kuota ukungu kabla haujakauka. Mvua ikinyesha, maji ya bati lake yalipita chini ya ukuta yakaingia kwetu. Madirisha ya upande wetu yalikuwa madogo, juu sana, yenye nondo. Mama aliyatazama akasema, "Haya hayakuwekwa ili mtu aone nje. Yamewekwa ili sisi tusione ndani."

Mama mkubwa alirudi siku ya gulio, sisi tukiwa shambani. Hatukumwona akishuka. Tulijua amerudi kwa sababu jioni ile mama aliacha kupepeta, akainua mkono ninyamaze, tukasikia kikohozi upande wa pili.

"Ni yeye," alisema. "Kifua chake nakijua."

Hapa sina budi kueleza desturi, maana bila hiyo hayatafahamika yaliyofuata. Kwetu mtu akihamia nyumba mpya, hawashi moto wake mwenyewe. Majirani ndio wanaomletea, makaa kutoka jiko la aliye karibu, wakaja na pombe kidogo kama ni wanywaji au maziwa kama si wanywaji, moto ukawashwa, chakula cha kwanza kikapikwa, ndipo nyumba ikahesabiwa kuwa imeingiwa. Mwenye nyumba haombi. Akiomba ni aibu kwa majirani. Na kabla ya hapo haendi kutembelea watu, kwa sababu bado hana pa kuwakaribishia. Desturi hii ilifanya kazi vizuri katika nyumba zisizo na lango. Ulitokea tu jikoni kwa mwenzako na kigae chako.

Sasa kulikuwa na lango la bati upande wa barabara, na mlinzi, mwanajeshi wa zamani kutoka mbali, asiyejua Kiha. Majirani wakasema, "Lango likifunguliwa tutaenda." Wengine wakasema, "Aliyefunga njia hataki moto wetu. Ana kibiriti." Ikapita wiki, ikapita nyingine. Mama alingoja rafiki yake atume japo salamu, na salamu zisipofika akaanza kuwaza kama wengine walivyowaza. Nilimsikia anaongea na sufuria: "Sakafu ya saruji imemfanya asahau kukanyaga udongo."

Nilikutana na mke wa yule bwana mwenye lori sokoni, kwenye migebuka. Mimi nilimwita wifi, na yeye alinijibu kwa adabu, lakini jicho lake lilikuwa mkobani mwangu, kana kwamba nilikuwa na kitu.

"Mama mkwe hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo, ila ametushinda, wifi. Jikoni kwangu hali. Nikimpikia wali, hali. Nikimpikia ugali, hali. Anakula ndizi mbivu na maziwa, basi. Anasema nyumba haijaingiwa. Nimemwambia, mama, tumo ndani, tumeingia na vitanda vyetu. Ananitazama kama mimi mtoto." Akageuza samaki akamrudisha. "Mume wangu anasema ni husuda ya majirani imemkaa. Kuna watu wamemfunga."

"Hakuna aliyemfunga," nikasema. "Anangoja moto."

"Moto upo. Nina jiko la mafuta ya taa."

Nilimweleza. Alisikiliza, lakini nilimwona anajiuliza kwa nini mjane wa nyuma ya ukuta anataka kuleta moto katika nyumba yake. Sikumlaumu sana. Mimi pia nilikuwa nikijiuliza kama habari alizonipa ni za kweli au ni za kunichimba.

Nilipomwambia mama, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekutuma uniambie hivyo?" La pili hakuuliza. Aliacha maharage yaungue kidogo chini, kisha akasema, "Mugenzi wangu hali kwa ajili yangu, na mimi nimekaa hapa namsengenya." Akaagiza kigae kikubwa.

Kwa njia ya nyuma safari ile ingekuwa ya kumeza mate. Kwa barabara ilibidi tushuke mpaka dukani, tupinde, tupande upande wa pili wa mtaa wote. Mimi nilibeba kigae, mama aliniegemea. Alipumzika dukani, akapumzika kwenye kisiki, akapumzika kwa balozi, ambaye alitoka akatuuliza tunapeleka nini. "Moto," mama akasema. Akatutazama kama tumesema kitu kingine. Watu walitusalimia kutoka kwenye milango ya mbele ambayo sikuwahi kuiona ikifunguliwa mchana, na tulipopita hawakurudi ndani. Upepo wa barabarani si wa uani, hauna migomba ya kuuzuia. Nilifunika kwa mkono, nikaongeza majivu, nikapuliza. Tulipofika langoni makaa yalikuwa yamebaki meusi, na moja lenye wekundu kidogo likafa wakati mlinzi anatufungulia dirisha la lango.

"Mnataka nani?"

"Mama wa mwenye nyumba."

"Hicho ni nini?"

"Moto."

Akachungulia. "Hayo ni majivu."

"Yalikuwa moto," mama akasema.

Mwenye nyumba alikuwa safarini. Mlinzi aliita ndani, na wifi akaja, akasimama nyuma ya mlinzi, mtoto mgongoni. Nilisema naye, nikamkumbusha tuliyoongea sokoni. Alikuwa anakitazama kigae. Alisema mama mkwe amelala, tumpe nafasi, baba watoto akirudi tuje. Mama hakungoja amalize. Aliita kwa Kiha, kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Mugenzi, nimefika." Akaita tena. Nyumba ile ilikuwa kubwa, na chumba cha mama mkubwa kilikuwa nyuma kabisa, upande wetu. Kama tungesimama jikoni kwetu angesikia.

Miguu ya mama ikakataa. Nilipomdaka asije akaanguka, kigae kilinitoka, majivu yakamwagika mbele ya lango.

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba bibi wa nyuma ya ukuta amemwaga majivu langoni kwa tajiri, na alikuwa akitamka maneno. Mlinzi aliapa ameyasikia. Aliyasikia kweli, ila hakuyaelewa.

Mwenye nyumba aliporudi hakuja kwetu. Alikwenda kwa balozi, na balozi akaitisha kikao uani kwetu, kwa kuwa mama hakuweza kutembea tena. Magoti yake yalikuwa yamejaa kama mitungi. Yule bwana alikalia kigoda kilekile alichokuwa akikalia akiwa mdogo, magoti yakamfika kifuani. Alikuwa amenenepa. Alianza kwa heshima.

"Mama mdogo, mimi sikushtaki. Nataka tu kujua majivu yale yalikuwa ya nini."

"Wewe ulikulia wapi?" mama akamuuliza.

"Hapa."

"Mtu akihamia nyumba mpya hapa, huletewa nini?"

Akakisogeza kigoda. Nilimwangalia vizuri. Alikuwa anajua. Naamini alikuwa ameshajua tangu alipoambiwa na mlinzi, lakini mtu akishajenga ukuta hupenda kuambiwa kwamba ulihitajika.

Balozi akaingilia. "Tusirudi kwenye mambo ya kale. Swali ni ukuta. Mama analalamika juu ya ukuta?"

"Ukuta nimejenga kwa ajili ya wezi," yule bwana akasema.

"Wezi gani?" mama akasema. "Waliokuwa wakipita pale ni mimi na mama yako. Sema ni nani kati yetu."

Watu wakaguna. Mmoja akasema chinichini, "Labda hataki magunia yaonwe," na yule bwana akageuka haraka sana. Sijawahi kuona kahawa katika ule ua. Nilisikia tu, kama wote walivyosikia, kwamba kuna kahawa inayovuka Manyovu bila kupita kwenye chama cha ushirika. Lakini nilimwona alivyogeuka.

"Mama yako yukoje?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Kifua."

"Anakula?"

"Tangu juzi anakula. Mke wangu na mlinzi walipogombana mle ndani juu ya yale majivu, alisikia. Akauliza yalitoka jiko gani. Walipomwambia, akasema basi moto umefika, na ikiwa umezimikia langoni hiyo ni shauri ya lango. Akaomba ugali."

Mama aliangalia pembeni. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu na hakulia siku hiyo, ila alichukua ungo uliokuwa mtupu akaupepeta.

"Nitoboleeni mlango mdogo pale nyuma," alisema. "Sitaki kingine. Nipite nikamwone."

"Nitaleta lori, mama mdogo. Upande mbele, nikuzungushe mpaka kitandani kwake."

"Nipande lori kwenda nyuma ya jiko langu?"

Watu walicheka, yeye pia akacheka, kisha akaona mama hacheki. Mzee mmoja akasema vijana wapo, wambebe kwa ngobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa begani. Mama akamwambia, "Mimi sijafa, na sijaumwa. Nimefungiwa njia. Na pale langoni nimeitwa mchawi. Sirudi mpaka mwenye lango aje kunichukua kwa mkono wake, kwa miguu." Yule bwana alisema atafikiria juu ya mlango, kiangazi kikifika na mafundi wakirudi. Balozi akasema hilo ni jambo zuri, kikao kimekwisha.

Yule bwana hakuja, lakini sauti ilikuja. Alasiri moja tulisikia mtu anagonga ukuta kwa fimbo, na mama mkubwa akaita. Tangu hapo wakawa wanaongea hivyo, kila mmoja ameegemea upande wake, bila kuonana. Nilimwekea mama kigoda. Mwanzoni walicheka sana. Mama mkubwa alimweleza kwamba sakafu inateleza, kwamba choo kimo ndani ya nyumba na yeye hawezi kujisaidia mahali ambapo watu wanakula, kwamba usiku hajui kama wengine wapo au wameondoka. "Hapa mtu anaweza kufa chumba cha pili," alisema, "nawe ukaendelea kusuka mkeka."

Lakini siku nyingine alijibu kwa ufupi, na mama akawa na mashaka. "Anajibu kama mtu aliyesimamiwa," aliniambia. Siku nyingine alinong'ona na mama hakusikia, akamwambia rudia, akarudia kitu tofauti. Mama aliniuliza, "Wewe unaisikia hiyo sauti kuwa ni yake?" Nikasema ni yake. Akasema, "Ukuta unabadilisha watu." Alimwomba mara nyingi amwambie mwanawe juu ya mlango, na mama mkubwa kila mara alisema, "Amesema kiangazi." Halafu kikohozi.

Mama mkubwa alikufa mvua zikiwa bado hazijakatika. Tuliusikia msiba kabla ya mtu mwingine yeyote mtaani, maana kilio kilianzia nyuma ya jiko letu. Mama aliuweka mkono ukutani, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Leteni ngobyi." Nilikimbia kuwatafuta vijana. Waislamu hawachelewi kuzika, na sote tulijua tuna mzunguko wote wa barabara, matope mpaka vifundoni, na mtu mzito wa kubeba. Waliteleza dukani, wakateleza tena kwenye kona. Mama alikuwa juu ya mabega yao, amefunikwa kanga, na watu waliokuwa wakienda msibani walitupisha wakidhani tumebeba mgonjwa wa kupeleka hospitali. Sisi tuliosikia kwanza tulifika wa mwisho.

Lango lilikuwa wazi. Mlinzi alivua kofia. Mwenye nyumba mwenyewe alitoka, akampokea mama kwa mkono wake kama alivyotakiwa, akamwongoza kwa miguu, hatua kwa hatua, na mama akamwacha afanye hivyo. Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kuvishwa sanda. Wanawake walikubali wakamfungua uso kidogo. Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nadhani alikuwa anahakikisha.

"Amekonda," alisema. "Hakuniambia kwamba amekonda."

Walipokwisha kumtoa, mama alimwomba wifi amwonyeshe alipokuwa akilala. Tulipita ukumbi, tukapita chumba kilichofungwa kwa kufuli, tukapita kingine chenye kufuli, tukafika. Kilikuwa chumba kizuri, kilichopakwa chokaa, na kitanda cha chuma kikiwa kimesogezwa mpaka ukutani, upande wetu. Wifi alisema marehemu alikisogeza mwenyewe, hawajui kwa nguvu gani. Alikuwa analia. Aliniambia, "Wifi, mimi sikujua. Kwetu Ujiji tunagonga mlango tu." Nilimwamini. Ni mtu pekee katika nyumba ile niliyemwamini moja kwa moja.

Msiba wenyewe ulikaa vibaya. Katika nyumba zetu waombolezaji hukaa pamoja uani, na anayelia huwaamsha wengine wakalia. Pale walitawanywa, wengine ukumbini, wengine barazani, wengine vyumba vya mbele, na kila kundi lilinong'ona juu ya kundi jingine, na juu ya yale makufuli. Nilimsikia mtu anauliza bei ya vitasa.

Kiangazi kilipofika mafundi walirudi kama yule bwana alivyosema. Wakatoboa ukuta nyuma ya jiko letu, wakaweka mlango wa mbao ngumu. Yeye mwenyewe alikuja kumwita mama auone. Alikuwa na uso wa mtu anayelipa.

"Mama mdogo, njia yako hiyo."

"Inakwenda kwa nani?" mama akamuuliza, bila ukali.

Alisema basi apite hata kumsalimu mkewe na watoto. Mama alisema asante, mlango ni mzuri. Hakuwahi kuupita mpaka naye alipofariki.

Mimi nilikuwa nikiuangalia kila ninapowasha moto. Komeo lilikuwa upande wao. Wakati mwingine asubuhi mapema nilikuta umefunguliwa, na alama za matairi ya baiskeli zimepita uani kwetu, katikati ya mafiga na ungo wa mama, zikielekea mabondeni ambako hakuna barabara wala askari. Siku moja niliwakuta wenyewe, wanaume wawili nisiowajua, baiskeli zimelemewa mizigo iliyofunikwa kwa majani ya migomba. Walinisalimia vizuri sana, wakaniuliza nimeamkaje na watoto wameamkaje, wakapita. Sikumwambia mama. Mpaka leo sijui kama yule bwana alitoboa mlango ule kwa ajili ya mama, au alikuwa ameshapanga kuutoboa tangu siku ya kwanza, akasubiri tu apate sababu ambayo mtaa mzima ungeiheshimu.